SSD au HDD? Diski gani ufunge kwenye kompyuta ya nyumbani, na namba zipi za kwenye boksi usizibabaikie

Swali la kwanza la watu wengi huwa ni hili, nichukue HDD (diski ya sahani zinazozunguka) yenye nafasi kubwa au SSD (diski ya chipu) ndogo maana hela ni ile ile. Ukishajibu hilo linakuja la pili, hizi SSD zenyewe mbona ziko nyingi hivi, kuna SATA, kuna M.2, kuna NVMe, kuna Gen 3 kuna Gen 4, na zote zimeandikwa spidi kubwa kubwa usoni. Msimamo wangu nausema mapema ujue naelekea wapi: ile namba ya spidi iliyoandikwa mbele ya boksi ndo iwe ya mwisho kuiangalia. Yapo mambo kadhaa ya kuuliza kabla yake na mengi kwenye boksi hayapo kabisa.

Tuanze na kwa nini kompyuta yenye HDD inakuwa nzito, manake ukielewa hapa mengine yote yanakuja yenyewe. Ndani ya HDD kuna sahani za alumini au kioo zilizopakwa sumaku, zinazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna mkono wenye vichwa vya kusomea. Ukiomba data, mkono lazima usogee mpaka kwenye mstari husika halafu usubiri sahani izunguke mpaka data ifike chini ya kichwa. Kwenye diski ya mizunguko 7,200 mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8 na kidogo, kwa hiyo kwa wastani unasubiri nusu yake, milisekunde 4, ukijumlisha na muda wa mkono kusogea unafika kama milisekunde 12. Kwa macho ni kitu kidogo sana lakini piga hesabu, hiyo ni kama mara 80 tu kwa sekunde. Sasa kama kila mara inachota kipande cha kilobaiti 4, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha vitu vidogo vidogo vya kompyuta, unapata kama kilobaiti 320 kwa sekunde. Kilobaiti! Na diski hiyo hiyo kwenye boksi imeandikwa megabaiti 150 au 200 kwa sekunde, na hawajadanganya, ni kwamba wamepima kusoma faili moja kubwa lililopangwa mfululizo, muvi kwa mfano.

Tatizo ni kwamba kompyuta inapowaka haisomi muvi. Inasoma maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika kila kona, huku antivirusi nayo inaskani, huku Windows inajiapdeti, huku brauza inafungua kurasa ulizoziacha jana, wote wanaugombania mkono ule ule mmoja. Ndo maana unafungua Task Manager unakuta diski iko asilimia 100 na kila kitu kimeganda, halafu ukiangalia data inayopita ni kidogo mno unashangaa.

SSD haina kinachozunguka, ni chipu tupu, na kuifikia data popote ilipo ni kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde, nyingine chini ya hapo. Yaani ni haraka zaidi ya mara mia. Hilo badiliko ndo utalihisi kwa mkono, kompyuta ya miaka kumi iliyopita unaifunga SSD inakuwa kama umenunua nyingine, na haijalishi sana ni SSD gani. Kwa hiyo swali la kwanza nalijibu hivi bila kuzunguka: Windows na programu zako zikae kwenye SSD, hata kama ni ndogo, hata kama ni ya SATA ya kawaida kabisa. HDD ina kazi yake na nitaifikia, lakini kuendesha mfumo wa kompyuta hapana, siku hizi hapana.

Sasa tuje kwenye spidi za SSD zenyewe. SSD ya SATA inaishia kama megabaiti 550 kwa sekunde na hiyo haitokani na chipu zake, ni njia ya SATA yenyewe inayoishia gigabiti 6 kwa sekunde. NVMe inapita njia nyingine, PCIe, ile ile inayotumiwa na kadi ya picha, na hapo Gen ni kizazi cha hiyo njia, Gen 3 inafika kama 3,500, Gen 4 kama 7,000, na Gen 5 zipo zinazokaribia au kupita 14,000. Ukiziona hizo namba unasema basi NVMe ya Gen 4 ina kasi mara kumi na mbili ya SATA, biashara imeisha. Ila hiyo ni ile spidi ya muvi tena. Kwenye vifaili vidogo kimoja kimoja, ambayo ndo kazi ya kompyuta ya nyumbani kutwa nzima, SATA nzuri inatoa kama megabaiti 30 au 40 kwa sekunde, NVMe nzuri kama 60 mpaka 90, na HDD tuliona haifiki hata megabaiti moja. Ziweke hizo namba tatu pamoja uziangalie. Kutoka HDD kwenda SATA umeruka mara mia, kutoka SATA kwenda NVMe umeongeza mara mbili hivi, na kwenye Gen 4 na Gen 5 mtu wa kufungua brauza na Word hataona kitu, mpe mashine mbili hawezi kukwambia ipi ni ipi.

Anayefaidi hizo spidi kubwa yupo, mtu anayeediti video za 4K, anayehamisha mafaili ya gigabaiti mia mia kila siku, tena na upande wa pili napo pawe na diski yenye spidi hiyo hiyo, manake ukikopi kutoka kwenye flashi ya USB 2.0 inayotoa megabaiti 30 basi hata ufunge Gen 5 utasubiri vile vile. Kama ndo kazi yako, nunua kwa moyo mmoja. Kama siyo, hela ya kupanda kutoka Gen 3 kwenda Gen 5 iweke kwenye ukubwa wa nafasi. Na Gen 5 zinapata joto sana, nyingi zinahitaji kipoza joto cha maana juu yake, la sivyo zikifika joto fulani zinajipunguza spidi zenyewe na unabaki na kile ambacho ungekipata kwa Gen 4.

Panapochanganya watu kuliko pengine pote ni hapa kwenye M.2. Watu wanadhani M.2 ndo NVMe. Hapana. M.2 ni umbo tu, ni ile kadi nyembamba na sloti yake. Ndani ya umbo hilo inaweza kukaa SSD ya SATA au ya NVMe, kwa macho zinafanana kabisa, na sloti nyingine zinakubali aina moja tu. Mtu ananunua NVMe anakwenda kuichomeka kwenye laptopu ambayo sloti yake ni ya SATA, inaingia vizuri hasa ikiwa na mikato miwili, kompyuta haiioni, anadhani diski ni mbovu. Kuna wanaosema hesabu mikato kwenye meno ya dhahabu, ikiwa miwili ni SATA ikiwa mmoja ni NVMe. Inasaidia mara nyingi lakini zipo NVMe zenye mikato miwili, kwa hiyo usiitegemee. Dawa ni moja, tafuta manyuo (kitabu cha maelekezo) ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) au modeli kamili ya laptopu yako usome sloti inakubali nini. Dakika tano tu.

Ukiwa hapo hapo kwenye manyuo angalia na urefu. Ile namba 2280 maana yake upana milimita 22 urefu milimita 80, hii ndo ya kawaida, lakini zipo 2242 na 2230 kwenye laptopu ndogo, na ndefu haiwezi kuingia kwenye fupi. Kwenye deskitopu angalia pia kama kutumia sloti fulani ya M.2 kunazima tundu moja au mawili ya SATA, mazabodi nyingi zinafanya hivyo, na mtu asiyejua anafunga SSD mpya halafu HDD yake ya zamani inapotea anaanza kulia data zimefutika kumbe tundu tu limezimwa. Ahamishie waya tundu jingine. Kuhusu Gen wala usiogope, NVMe ya Gen 4 ukiichomeka kwenye sloti ya Gen 3 inafanya kazi kwa spidi ya Gen 3, na kinyume chake hivyo hivyo.

Laptopu ya zamani isiyo na M.2 kabisa unachukua SSD ya SATA ya inchi 2.5, unatoa HDD unaweka hiyo, skrubu zile zile. Kama laptopu ina sehemu ya DVD ambayo huitumii unaweza kutafuta fremu inayokaa pale ukahamishia HDD yako humo, ukawa na diski mbili ndani ya laptopu moja. Nyingine za zamani zaidi SATA yake ni ya gigabiti 3 kwa hiyo utapata spidi nusu ya iliyoandikwa, usijali, kwenye vifaili vidogo tofauti ile kubwa utaipata tu. Ila kabla hujanunua chochote hakikisha laptopu yako si zile ambazo diski yake ni eMMC, chipu iliyochomelewa kwenye mazabodi, hizo huwezi kuitoa ukaweka nyingine, labda iwe na sloti ya ziada.

Sasa tufike kwenye kitu ambacho mimi nakipa uzito kuliko spidi, aina ya chipu. Data kwenye SSD inakaa ndani ya seli ndogo ndogo zinazoshika chaji ya umeme. Seli ikibeba biti moja inaitwa SLC, mbili MLC, tatu TLC, nne QLC. Kadiri unavyozibana biti nyingi ndani ya seli moja diski inakuwa rahisi kwa bei, lakini seli ya biti tatu inabidi itofautishe viwango 8 vya chaji na ya biti nne viwango 16, hapo kuandika kunachukua muda zaidi na seli inachoka mapema zaidi. SSD za nyumbani siku hizi ni TLC au QLC, zingine ni nadra.

Watengenezaji wanajua kwamba kuandika kwenye TLC na QLC ni kwa taratibu, kwa hiyo sehemu ya diski wanaifanya ijifanye SLC kwa muda, data inaingia hapo fasta halafu baadaye diski ikiwa imetulia inazihamisha kwenye seli za kudumu. Hiyo ndo kashe, na ile spidi ya kuandika kwenye boksi ni spidi ya kashe. Ukiijaza, spidi halisi inajitokeza. Mfano mzuri ni Samsung 870 QVO ya terabaiti 1, hii ni QLC ya SATA, kashe yake inafika gigabaiti 42, na Samsung wenyewe wameandika kwenye karatasi ya vipimo kwamba baada ya hapo inaandika megabaiti 80 kwa sekunde. Themanini! HDD nyingi zinaipita kwenye faili kubwa. Je ni mbaya? Kwa mtu anayeweka gemu na kuzisoma tu, au anayekopi vitu vya gigabaiti tano kumi, hatakaa aione hiyo 80. Kwa mtu anayemwaga footeji ya gigabaiti 200 kila jioni ni mateso. Mimi ushauri wangu kama ni diski moja tu ndani ya kompyuta na ndo itabeba kila kitu, tafuta TLC, QLC iache kwa diski ya pili ya kuhifadhi vitu visivyobadilika badilika.

Shida ni kwamba wengi hawaandiki. Unakuta boksi limejaa maneno lakini neno TLC au QLC hulioni, na mara nyingi ikinyamaza hivyo ujue kuna sababu. Mbaya zaidi kuna wanaobadilisha chipu ndani na kuacha jina lile lile, Crucial P2 kwa mfano ilianza na TLC na mwaka 2021 ikaonekana zinazotoka ni QLC, boksi halijabadilika. Kwa hiyo unaposoma ripoti ya majaribio angalia tarehe, ya miaka mitatu nyuma inaweza kuwa inazungumzia kitu tofauti na unachouziwa leo.

Kuna pia habari ya DRAM, SSD nzuri zinakuwa na kachipu ka kumbukumbu ka kukumbuka data ipi iko wapi, za bei ya chini hazina. Kwenye NVMe isiyo na DRAM ipo njia inaitwa HMB, diski inaazima kasehemu kadogo ka RAM ya kompyuta na kwa matumizi ya nyumbani inatosha kabisa. Kwenye SATA njia hiyo haipo, kwa hiyo SATA isiyo na DRAM ikijaa inakuwa nzito kweli kweli, hapo ongeza kidogo uchukue yenye DRAM.

Na lile woga la kwamba SSD inaisha kwa kuandikwa. Ni kweli inaisha, lakini hebu tupige hesabu. Kwenye vipimo angalia TBW, ni jumla ya terabaiti ambazo mtengenezaji anaziwekea waranti. Samsung 870 EVO ya terabaiti 1 ni TBW 600. Ukiandika gigabaiti 30 kila siku, ambayo kwa mtu wa kawaida ni nyingi, kwa mwaka ni kama terabaiti 11, hivyo 600 zinafika zaidi ya miaka 50. Hata QLC yenye TBW 220 ni miaka 20. Kompyuta yenyewe itakuwa imeshatupwa. Kwa hiyo usiache kununua SSD kwa woga huo, na acha mambo ya kudefragi, kwenye SSD haisaidii kitu, Windows yenyewe inaitambua na kuituma amri ya TRIM, ile inayoiambia diski data zipi zimeshafutwa, kila baada ya muda.

Kinachoiumiza SSD kwa haraka zaidi ni kuijaza mpaka ukingoni. Chipu hizi haziwezi kuandika juu ya data ya zamani moja kwa moja, zinafuta kwa mafungu makubwa lakini zinaandika kwa vipande vidogo, kwa hiyo zinahitaji sehemu tupu ya kuhamishia vitu. Acha asilimia 10 mpaka 20 iwe wazi muda wote. Ndo maana hata ukubwa ununue kwa kujiachia nafasi. Na ile terabaiti 1 ukiichomeka Windows itakuonyesha 931, hujaibiwa, mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Ya 500 itaonyesha 465. Mimi kwa diski moja ya kompyuta nzima naona 500 ndo pa kuanzia na terabaiti 1 ndo pa kupumua, hasa kama kuna gemu manake siku hizi gemu moja linapita gigabaiti 100.

HDD sasa. Kazi yake ni ghala, picha, muvi, bakapu, mafaili makubwa yanayokaa. Hapo kwa kila terabaiti bado ni nafuu kuliko SSD na zipo zinazopita terabaiti 20 kwenye diski moja. Kitu cha kuangalia ni CMR au SMR, yaani jinsi mistari ya data inavyopangwa kwenye sahani. Kwenye CMR kila mstari unakaa peke yake. Kwenye SMR mistari ya data inapandana kama vigae vya paa, wanapata nafasi zaidi kwenye sahani ile ile, lakini ukitaka kubadilisha mstari mmoja inabidi uandike upya na iliyopandana nao. Kwa bakapu ya mara moja moja haina neno, kwa diski inayoandikwa kila wakati au inayokaa kwenye NAS (boksi la diski linalotumiwa na kompyuta kadhaa kupitia mtandao) ni taabu. Mwaka 2020 watu walikuja kugundua kwamba baadhi ya WD Red za Western Digital, diski zinazouzwa kwa ajili ya NAS, zilikuwa SMR na haikuwa imesemwa, kelele zikawa kubwa mpaka WD wakachapisha orodha na zile za CMR wakaziita Red Plus. Kwa hiyo tafuta orodha ya mtengenezaji, ipo wazi, usibahatishe.

HDD ina faida nyingine watu wanaisahau, ikianza kufa mara nyingi inakwambia. Inagonga gonga, inachelewa, inaonyesha sekta mbovu, unapata siku za kuokoa vitu. SSD inaweza kulala nzima na kuamka haipo. Halafu ukifuta faili kwenye HDD kwa bahati mbaya kuna programu za kulirudisha, kwenye SSD ile TRIM ikishapita limekwenda. Na SSD isiyopata umeme muda mrefu inapoteza chaji taratibu, kiwango cha JEDEC (shirika linaloweka viwango vya chipu) kwa SSD za kawaida ni kushika data mwaka 1 bila umeme kwenye joto la nyuzi 30, hiyo ikiwa imeshatumika mpaka mwisho wa TBW yake. Ikiwa mpya inakaa zaidi, ila picha za familia usiziweke kwenye SSD ukaifungia kabatini miaka mitano. Bakapu iwe kwenye HDD ya nje na kopi nyingine ikae mahali tofauti na nyumba, kwenye kraudi au kwa ndugu, manake diski mbili ndani ya kompyuta moja zinaungua pamoja na kuibwa pamoja.

Kuhamisha Windows kutoka diski ya zamani siyo kazi kubwa, programu ya Clonezilla ni ya bure na inafanya, ingawa kama mashine imekaa miaka bila kusafishwa mimi napenda kuinstali upya. Ile HDD uliyoitoa inunulie kava la USB 3.0 iwe ya nje, ya inchi 2.5 inakula umeme wa USB, ya inchi 3.5 inahitaji adapta yake.

La mwisho ni feki, na hili naliandika kwa uchungu kwa sababu linapoteza data za watu. SSD ya nje ya terabaiti 16 kwa bei ya kutupa, ndogo kama kiberiti, ukiifungua ndani unakuta memori kadi iliyobandikwa gundi na imechezewa ili iseme ni terabaiti 16. Unakopi vizuri tu, haileti eraa, ikifika ukubwa wake halisi inaanza kuandika juu ya zile za mwanzo na hujui mpaka siku unapofungua picha. Diski yoyote mpya, kabla hujaweka kitu, ijaribu kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac, inaijaza yote halafu inasoma kuhakikisha, inaweza kuchukua usiku mzima lakini iache ifanye. Halafu fungua programu ya CrystalDiskInfo uangalie masaa iliyowashwa, diski mpya haiwezi kuwa na masaa elfu nane. Kwa HDD tazama mstari wa 05 na wa C5, hizo ni sekta zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa, upande wa namba ghafi zinatakiwa ziwe sifuri. Ukikuta si sifuri kwenye kitu ulichouziwa kama kipya, kirudishe siku hiyo hiyo risiti ikiwa bado mkononi.